Adriano Atiman: Daktari Katekista Aliyekaa Karema Miaka 67



Likizo iliyopita tulikuwa nyumbani wilayani Rungwe, waseminari watatu wa mwaka mmoja. Dominika moja paroko alituomba twende kwenye kigango kimoja kilicho mbali na parokia, upande wa mashamba ya chai, kwa kuwa yeye alikuwa na Misa mahali pengine. Mvua ya Tukuyu haina ratiba. Tulifika tumelowa, kanzu zetu tumezifunga ndani ya mifuko ya nailoni. Katekista wa kigango, mzee wa zaidi ya miaka sitini, alikuwa ametangulia: amefagia, amepanga mabenchi, amewasha mishumaa. Alitukalisha mbele kwenye viti, akarudi kusimama karibu na mlango ili awaoneshe wazee mahali pa kukaa. Akaongoza Ibada ya Neno, akatangaza majina ya wagonjwa watatu, na watu walipotawanyika akachukua kitabu chake na mwavuli akaenda kuwatembelea. Sisi tulibaki tukinywa chai.

Hapo mama mmoja akatuuliza habari za mwenzetu wa nne, yule aliyetoka seminari baada ya mwaka wa kwanza wa falsafa. Alimtaja kuwa ni yule aliyeshindwa. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo watu wengi wanavyosema kwetu: anayepata upadri amefaulu, anayetoka ameshindwa. Tulitazamana, tukakosa la kumjibu. Njiani kurudi Tukuyu tulilizungumza neno hilo, na ndipo mmoja wetu akataja jina la Atiman.

Wengi tumelisikia jina hilo bila kujua habari zake. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita Mapadri Weupe, wana nyumba Dar es Salaam iitwayo Atiman House. Ndugu zetu wa upande wa Rukwa na Katavi wanalitaja jina hilo kwa heshima. Lakini Atiman hakuwa padri, wala bruda, wala askofu. Alikuwa mlei, mume na baba, daktari na katekista, aliyeishi miaka 67 mahali pamoja kando ya Ziwa Tanganyika. Tumeona vema kusimulia maisha yake hapa, kwa ajili yetu waseminari na kwa ajili ya waamini wa vigango vyetu.

Mtoto aliyeuzwa

Adriano Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 katika kijiji kilicho kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Alitenganishwa na wazazi wake, akavushwa Jangwa la Sahara pamoja na watoto wengine, kuelekea kaskazini, katika nchi ya Aljeria. Safari hiyo ni ya majuma mengi ya mchanga, kiu na jua. Watoto wengi wa wakati ule hawakufika mwisho wa njia.

Yeye alifika. Huko jangwani, upande wa Aljeria, Mapadri Weupe walimkuta na kumkomboa kwa fedha. Shirika lao lilikuwa changa bado. Lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Mapadri walimpeleka mtoto huyo shuleni, wakamfundisha kusoma na kuandika, wakamfundisha imani. Naye akabatizwa na kupewa jina la Adriano.

Hapa sisi tunaosoma falsafa tulisimama kidogo. Mtu akinunuliwa na mtu mwema, je, amekuwa huru? Aliyemkomboa ndiye anayemlisha, ndiye anayemfundisha, ndiye anayempangia maisha ya kesho. Isitoshe, mwenye kununua mtumwa ili amfungue anampa muuzaji fedha za kwenda kuteka wengine. Lavigerie mwenyewe hakuridhika na kukomboa mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1888, mwaka ambao Papa Leo XIII aliandika barua juu ya kukomeshwa kwa utumwa, kardinali huyo alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara yenyewe, akizitaka serikali na waamini waisimamishe.

Kuhusu uhuru wa Atiman, tumeona kwamba jibu lake halipo Aljeria. Lipo Karema, katika yale aliyoyafanya alipokuwa mtu mzima, mbali na wale waliomlea, akiwa na elimu ambayo ingempatia riziki popote.

Shule ya Malta

Katika miaka ile wamisionari waliokuja Afrika Mashariki walikuwa wakifa vijana. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulifika pwani yetu mwaka 1878, na haukupita muda mrefu makaburi yakaanza kuongezeka bara kuliko nyumba za misheni. Homa iliwamaliza. Lavigerie alifikiri hivi: Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe. Akaona pia kwamba mtu mgonjwa humpokea tabibu kabla ya kumpokea mhubiri, na kwamba tabibu akiwa mlei mwenye mke na watoto, ataota mizizi kijijini kuliko mgeni.

Kwa sababu hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania, ili vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee uganga na kufunzwa ukatekista. Aliweka sharti: wasigeuzwe Wazungu. Alitaka waishi maisha ya kawaida ya Kiafrika, wasizoee anasa ambazo hawatazikuta huko watakakotumwa. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisoma Malta miaka kadhaa. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi, akapangiwa kwenda Tanganyika.

Tuuone umri huo. Ni mdogo kuliko umri wa baadhi yetu tulio mwaka huu wa falsafa. Alitoka Malta kwa meli, akafika pwani ya Afrika Mashariki, akaanza safari ya miguu kwenda bara, zaidi ya kilomita elfu moja. Njia hiyo ilikuwa ile ile ya misafara iliyoleta pembe na watumwa pwani. Mtoto aliyevushwa Sahara akiwa bidhaa sasa alikuwa akikatiza nchi akiwa na dawa mzigoni, kuelekea kule walikotoka waliofungwa minyororo.

Karema

Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Leo Karema ipo mkoani Katavi, katika Jimbo la Mpanda. Hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ambayo Mapadri Weupe walikabidhiwa mwaka 1885. Walikusanya humo watoto yatima na watu waliokombolewa kutoka katika misafara. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, vijiji vilikuwa vikichomwa na watu wakiswagwa kuja upande huu. Misheni ililazimika kuwa na ulinzi, na mlei mwingine, Kapteni Léopold Joubert kutoka Ufaransa, alijitolea kuwalinda watu wa kando ya ziwa.

Tusidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali na kwetu. Katika miaka hiyo hiyo, kusini mwa Rungwe, upande wa Karonga, mfanyabiashara Mlozi alikuwa akiwakamata majirani na ndugu wa Wanyakyusa, hadi aliposhindwa vitani mwaka 1895. Wazee wetu waliishi kati ya hofu hiyo.

Basi fikirini Atiman akipokea wagonjwa Karema. Aliyeletwa na jeraha la mnyororo kifundoni alitibiwa na mtu aliyejua kwa mwili wake maana ya kutekwa. Mtoto aliyelia usiku akimwita mama yake alisikilizwa na mtu ambaye naye alimwita mama yake jangwani bila kujibiwa. Hakuna mafunzo ya Malta yangeweza kumpa elimu hiyo. Kidonda chake mwenyewe ndicho kilichomfanya awafahamu.

Karema ilikuwa mahali pagumu pia kwa waliokuja kuongoza. Askofu Charbonnier alifariki mwaka 1888, mwaka mmoja kabla Atiman hajafika. Aliyemfuata, Askofu Bridoux, alifariki mwaka 1890. Mwaka 1891 akaja Monsinyori Lechaptois, aliyeongoza hadi alipofariki mwaka 1917. Mapadri walifika, wakahamishwa au wakazikwa. Bendera nazo zilibadilika: Wajerumani wakatawala, ikaja vita ya kwanza ya dunia, wakaja Waingereza. Mtu akija Karema mwaka 1890, mwaka 1910, mwaka 1930 au mwaka 1950, alimkuta Atiman.

Kazi ya mikono miwili

Kazi ya daktari katekista ilikuwa na mikono miwili: kutibu na kufundisha. Nchi ya mwambao ilikuwa na homa, ndui, vidonda, na baadaye malale, ugonjwa uliosumbua sana kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walikuwapo walioumwa na nyoka, waliojeruhiwa na wanyama, na kina mama waliopata shida ya uzazi. Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi kufika, na wakati mwingine hazikufika. Atiman alijifunza pia mitishamba ya wenyeji akaitumia pamoja na aliyoyasoma Malta. Jambo hili linatufundisha. Aliyekuja na elimu ya chuo alikubali kukaa chini na kufundishwa na wazee wa mahali, na wazee wanaoulizwa hujua kwamba wameheshimiwa.

Mkono wa pili ulikuwa imani. Katekista wa miaka ile alikuwa mwalimu wa wakatekumeni, msindikizaji wa wanaokufa, na mara nyingi mbatizaji wa walio hatarini pale ambapo padri yupo safari ya siku nyingi. Mtu aliyemtibu jana ndiye aliyemfundisha sala leo. Kwa Atiman mambo haya mawili hayakuwa na mpaka. Hakuwatibu watu ili apate kuwabatiza kama mtu anayetega samaki, kwa maana waliokataa dini aliwatibu pia. Aliwatibu kwa sababu walikuwa wagonjwa. Wakiuliza kwa nini mgeni kutoka mbali anajisumbua hivyo, ndipo alipokuwa na la kuwaambia.

Mwaka ule ule wa 1889 alioa. Mke wake aliitwa Agnes. Kwa kuoa binti wa nchi hiyo, alijifunga na Karema. Hakurudi tena kuishi kwao kwenye Mto Niger. Walipata mtoto wa kiume, Yosefu, na Yosefu akawa padri. Tukio hili tumelitafakari sana seminarini. Mtumwa aliyekombolewa, ambaye hakupewa daraja takatifu, akawa baba wa padri. Miito inazaliwa katika nyumba. Yosefu, kabla hajamwona rekta wala mlezi yeyote, alikuwa amemwona baba yake akiamka usiku kumfuata mgonjwa.

Je, huu nao ni uongozi?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa ndipo palipotugusa.

Tukiulizwa kiongozi ni nani, wengi wetu tunaanza na kiti. Kiongozi ni mwenyekiti wa halmashauri ya walei, paroko, askofu, mkuu wa wilaya. Kwa kipimo hicho Atiman hakuwa kiongozi. Alikuwa chini ya mkuu wa misheni aliyekuwepo, na wakuu hao walibadilika wengi mbele ya macho yake. Baadhi walikuwa na umri wa kuwa watoto wake, na mwishoni hata wajukuu. Aliendelea kutumwa akiwa mzee.

Lakini tazameni nani aliwafanya watu wa Karema wathubutu kubaki nyakati za ndui na malale. Nani aliwahakikishia waliokombolewa kwamba maisha hayajaisha, kwamba aliyekuwa bidhaa anaweza kuwa bwana harusi, mwalimu, mtu anayeitwa usiku kwa sababu anategemewa? Hakuhitaji kulihubiri hilo kwa maneno mengi. Kila mtoto wa misheni alikuwa akiliona likipita na mfuko wa dawa. Huku ndiko kutia moyo kunakodumu: mtu anakuonesha kwa maisha yake kwamba jambo linawezekana, kisha anakuwa karibu wakati wewe unajaribu.

Mwanafalsafa Aristotle anafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda tena na tena, mpaka tendo liwe tabia. Tukisoma hilo darasani linaonekana jepesi. Tukifikiria miaka 67 ya kuosha vidonda, tunaona uzito wake. Siku ya kwanza mtu anaweza kutumikia kwa ari. Mwaka wa tatu ari imepungua. Mwaka wa kumi na mbili amezoewa na hakuna anayemshukuru. Mwaka wa thelathini wenzake wa Malta wamefariki au wametawanyika. Anayeendelea hapo hasukumwi tena na sifa. Na ndipo tunapopata jibu la swali letu juu ya uhuru: mtu mzima mwenye ujuzi wa daktari hawezi kushikiliwa miaka yote hiyo na deni la utotoni. Alibaki kwa kuwa alitaka. Mtoto aliyelipiwa fedha akawa mtu mzima aliyetoa maisha yake bila bei.

Injili ya Yohane, sura ya kumi na tatu, inatuonesha Bwana akijifunga kitambaa na kuwaosha miguu wanafunzi wake. Kila Alhamisi Kuu tunaliona likifanyika kanisani kwa miguu kumi na miwili iliyooshwa tayari nyumbani. Miguu ya Karema haikuwa imeoshwa. Ilikuwa na funza, usaha na makovu ya pingu.

Alipozeeka, heshima zilimfuata. Kanisa na serikali ya Kiingereza vilimpa nishani, na kumbukumbu za maisha yake alizozisimulia mwenyewe zilichapishwa. Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa umebakiza miaka mitano tu.

Kutoka Karema hadi Tukuyu

Msomaji wa Rungwe anaweza kuuliza: Karema na sisi wapi na wapi? Imani Katoliki ilifika kwetu kwa mkono ule ule. Wamoravia na Walutheri walitangulia Rungwe mwaka 1891, na hadi leo tunaishi nao, tunazikana na tunasaidiana. Mema waliyoyajenga katika shule na hospitali tunayajua wote. Kwa upande wetu Wakatoliki, mwaka 1932 Roma iliunda Misioni ya Tukuyu chini ya Mapadri Weupe. Baadaye jina la Mbeya likachukua nafasi, likawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 2018 likawa jimbo kuu. Lakini kwenye karatasi za Roma mji wetu mdogo wa Tukuyu ulitangulia, na tuna haki ya kulifurahia hilo.

Mwaka ule wa 1932 Atiman alikuwa amekwisha kutumikia Karema miaka 43. Yale ambayo Mapadri Weupe walijifunza kwa watu kama yeye, kwamba padri bila katekista ni mtu mwenye mguu mmoja, waliyaleta huku. Parokia zetu za Rungwe hazikusimamishwa na mapadri peke yao. Zilisimamishwa na makatekista waliopanda na kushuka milima hii kwa miguu kati ya migomba, katika utelezi na baridi, wengi wao bila mshahara wa kutajika. Majina yao hayapo kwenye vitabu. Wajukuu wao wapo, na ni sisi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari mwaka 1965, na mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima. Ni vema. Lakini heshima ya barua inapaswa kufika hadi kwenye benchi la kigango. Tujiulize kwa uwazi: katekista wetu akiugua, nani anampeleka Igogwe au hospitali nyingine? Mvua ikiezua paa la nyumba yake, jumuiya inajua? Tunamchangia nini wakati wa mavuno? Tunaposema mtumishi, mara nyingi tunamaanisha mtu anayeweza kutumika bila kuchoka, kumbe naye anachoka.

Kwa sisi waseminari

Kwetu sisi somo ni gumu zaidi, na tunalisema tukijisema wenyewe. Ile Dominika ya kigangoni tulikaa kwenye viti vya mbele kwa urahisi mno. Hakuna aliyeinuka kumsaidia mzee yule kupanga mabenchi. Hakuna aliyemwuliza kama tungeweza kwenda naye kwa wagonjwa. Tulikuwa na kanzu, na kanzu ikatuketisha. Kama tunazoea kuketishwa tukiwa na miaka ishirini na mitano, tutafanyaje tukiwa maparoko? Malezi ya seminari yanaweza kutufundisha mantiki na metafizikia, lakini hakuna mtihani wa mtu anayeinuka kwenye kiti bila kuambiwa.

Tena kuna lile neno la yule mama. Mwenzetu aliyetoka sasa yupo nyumbani. Kwa miezi ya kwanza alikuwa akikaa nyuma kabisa kanisani, na kuondoka kabla ya matangazo ili asikutane na maswali. Wazazi wake walionewa huruma kana kwamba wamefiwa. Sisi wenyewe, tukisema kweli, tulimpigia simu mara chache. Tuliogopa kuzungumza naye, kama kwamba kutoka ni ugonjwa wa kuambukiza. Na baadhi yetu, usiku tukiwa wenyewe kikanisani, tumewahi kujiuliza kama tunabaki kwa sababu tumeitwa au kwa sababu tunaogopa kuitwa jina hilo.

Atiman anatutoa katika hofu hiyo. Yeye hakuwa padri, na hakuna mtu Karema aliyemwona kama nusu ya kitu fulani. Aliitwa kuwa daktari, katekista, mume na baba, na hayo yalijaza maisha mazima ya miaka tisini. Anayetafuta mapenzi ya Mungu akaona kwamba njia yake si upadri, hajashindwa. Ameisikia sauti. Anayebaki seminarini kwa aibu ndiye aliye hatarini, yeye pamoja na waamini atakaopewa kuwachunga. Tunawaomba waamini, hasa wazazi wetu, mtusaidie katika hili. Kijana akirudi nyumbani, mpokeeni. Mwulizeni anaweza kufanya nini kanisani, kisha mpeni kazi hiyo.

Siku moja kabla ya kurudi seminari tulienda kumtembelea. Tulimkuta shambani akikata majani ya ng'ombe. Tulikaa naye chini ya mgomba hadi jioni, tukamwomba radhi kwa kimya chetu, tukamsimulia habari za Atiman. Hakusema mengi. Alituambia tu kwamba paroko amemwomba afundishe watoto wa Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi, naye alikuwa bado hajajibu. Juma lililopita ametuandikia ujumbe kwamba ana watoto kumi na tisa, na kwamba wanamsumbua sana.

Wapendwa wasomaji, tumwombe Mungu atujalie viongozi wa namna ya Adriano Atiman katika familia zetu, jumuiya ndogondogo na vigango vyetu. Na kwa makatekista wote wa Rungwe, mnaofungua makanisa asubuhi kabla hatujafika na kuyafunga tukiisha kuondoka, tunasema kwa lugha ya nyumbani: ndaga fijo.